Muulize Anko wa Kambi: "Wananicheka nikisema tuzime taa"

Likizo ndefu inakaribia na barua zimejaa, nusu ni za vijana wanaoenda kuongoza kambi ya watoto kwa mara ya kwanza na nusu ni za wazazi ambao tayari hawalali hata kabla mtoto hajafunga begi. Nimechagua tano. Yule aliyeniandikia kurasa nne kuhusu popo kwenye paa la bweni, wewe nitakujibu pembeni, hiyo ni kesi yako na popo.

SWALI: Shikamoo Anko. Nina miaka 19, kambi ya mwezi uliopita ndo ilikuwa ya kwanza kwangu kama kiongozi, nikapewa watoto nane wa miaka 10 na 11, yaani Anko walinitesa. Siku ya kwanza tulikuwa marafiki kabisa, wananiita kwa jina la utani, tunacheka mpaka usiku. Siku ya tatu nikisema tuzime taa wanaangua kicheko. Nikaanza kufoka, wananyamaza dakika mbili afu wanarudi palepale. Bosi anasema nina moyo mzuri ila sina mamlaka. Kambi kubwa inakuja, hayo mamlaka yanapatikana wapi? – Sauti Imekauka

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na koo. Kwanza huyo bosi wako amekuambia nusu ya ukweli, maana kumwambia kijana hana mamlaka bila kumwonyesha afanye nini ni sawa na kumwambia mtu anayezama kwamba hajui kuogelea.

Ulichofanya ni kupita kwenye aina mbili za uongozi ndani ya siku tatu, na zote mbili zilishapimwa zamani sana, tena kwa watoto wa umri huohuo wa kwako. Mwishoni mwa miaka ya 1930 mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake Ronald Lippitt na Ralph White, pale Chuo Kikuu cha Iowa Marekani, walichukua wavulana wa miaka 10 hivi wakawaweka kwenye vilabu vya kazi za mikono, kutengeneza vinyago vya kuvaa usoni na vitu kama hivyo, wakawapa viongozi wa namna tofauti. Mmoja anaamrisha kila kitu, mwingine anapanga pamoja na watoto, mwingine anawaachia tu wajifanyie. Wa amri alipata kazi, ila watoto wakawa wakali wao kwa wao au wakapoa kama maji ya mtungi, na akitoka nje ya chumba kazi inakufa. Wa kuwaachia hakupata kazi wala utulivu. Wale waliopanga na kiongozi wao, yeye akitoka wao wanaendelea. Hicho kipimo cha kutoka chumbani mi nimekitumia miaka yote, ukitaka kujua kikundi chako kikoje nenda chooni urudi.

Sasa wewe siku ya kwanza ulikuwa yule wa kuwaachia, siku ya tatu ukawa yule wa amri. Watoto hawakukudharau, walichanganyikiwa, wanajiuliza huyu wa leo ndo yeye au wa juzi ndo yeye, na mtoto akiwa hajui mpaka uko wapi atausukuma mpaka aukute, si ubaya huo, ndo kazi yake.

Safari ijayo anza na saa ya kwanza. Sio siku, saa. Kabla hawajachagua vitanda kaeni chini kwenye duara uwaulize wao, jamani tutaishi hapa wiki mbili, tunataka bweni letu liweje? Watakupa sheria kumi na tano, nyingine kali kuliko zako (kuna dogo mmoja mwaka fulani alipendekeza anayekoroma alale nje), nyie mkazipunguze zibaki tatu au nne zinazokumbukika. Zile za usalama hazipigiwi kura, unazisema wewe kwa uso mkavu: hakuna kutoka usiku bila kumwamsha kiongozi, hakuna kugusa moto, hakuna kwenda majini peke yako. Afu mseme pamoja mtu akivunja inakuwaje, na iwe kitu kidogo kinachofanana na kosa, umemwaga unafuta, umechelewesha wenzako kwenye mchezo unaanza wa mwisho. Ukitishia kitu kikubwa ambacho hutakifanya, kwamba utamrudisha mtu kwao sijui, wao watajua kabla yako kwamba hutafanya.

Ukali wa sauti achana nao. Sauti ya juu iwe ya hatari tu, ili siku ukipaza wote wagande. Siku za kawaida msogelee mtoto, chuchumaa, mwambie jina lake, sema kidogo. Anayesumbua usimwite mbele za watu, hapo unampa jukwaa. Na mambo mengi hayaharibiki kwenye michezo, yanaharibika katikati ya michezo, kwenye foleni, kwenye kutoka bwawani kwenda bwenini, zile dakika kumi za kusubiri kengele ya chakula. Watoto nane wenye dakika kumi tupu watakuanzishia vita. Kiongozi mzuri mfukoni ana kitendawili, ana kamchezo ka mikono, ana wimbo wa kuitikia, ana swali la kijinga la kubishaniwa, siku nzima anaziba matundu hayo. Mi nikiangalia viongozi wapya wala siangalii wanavyoendesha mchezo mkubwa, naangalia wanavyotembea na watoto kutoka hapa kwenda pale.

Halafu wape kazi za kweli. Agosti 1907 Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipofanya ile kambi ya majaribio kwenye kisiwa cha Brownsea huko Uingereza, aliwachukua wavulana kama 20, wengine wa shule za matajiri, wengine watoto wa watu wa kawaida tu, akawagawa vikosi vinne, Mbwamwitu, Mafahali, na viwili vya majina ya ndege, kila kikosi kikiongozwa na mvulana mwenzao. Asubuhi aliwaamsha kwa pembe la tandala. Watu wanakumbuka pembe, ila mi naona akili ilikuwa kwenye vikosi, kwamba mtu mzima hakusimama juu ya kila kichwa, alimkabidhi mtoto wenzake na akamwamini. Kwako wewe anza kidogo: yule mwenye kelele kuliko wote mpe tochi ya bweni na umwambie kila jioni atakayekagua kama wote wamepiga mswaki ni yeye. Utashangaa. Na kazi izunguke, usije ukatengeneza kajenerali.

La taa sasa. Watoto wanaotoka kukimbia hawazimiki kama swichi. Dakika 40 kabla ya muda teremsha kila kitu, taa moja tu, sauti yako chini, kila mtu aseme kitu kimoja kizuri na kimoja kilichomuudhi leo, afu uwasimulie hadithi ya vipande, uikate pale patamu, kesho inaendelea kama wote mko kitandani kwa wakati. Hii ni hongo, najua, na sioni aibu.

Idadi yako ya nane iko sawa, kwa kambi za kulala American Camp Association, chama cha kambi cha Marekani, wanasema kiongozi mmoja kwa watoto 8 wa miaka 9 hadi 14, kwa wa miaka 6 hadi 8 ni mmoja kwa 6. Bosi akikuongezea wawe 14 peke yako, hapo tatizo sio mamlaka, tatizo ni hesabu, mwambie hivyo kwa adabu. Na wewe mwenyewe ulale. Viongozi vijana wanakesha wakipiga stori baada ya watoto kulala, siku ya tano wanaanza kufoka wakidhani watoto wamebadilika.

SWALI: Habari Anko. Mwanangu wa kike ana miaka 9, anaenda kambi kwa mara ya kwanza siku 12. Anasema anataka kwenda ila jana usiku alilia akasema itakuwaje akinikumbuka. Nikamwambia asijali, akijisikia vibaya apige simu tu nitakuja kumchukua saa hiyohiyo. Akatulia. Mume wangu anasema nimekosea. Nimekosea? – Mama Mwenye Wasiwasi

JIBU: Dada yangu, kwa hili namuunga mkono shemeji, samahani. Umefanya ambacho mzazi yeyote angefanya, mi mwenyewe nilimfanyia wa kwangu wa kwanza, na ndo kosa linaloongoza kwenye kambi zote. Ukimwambia nitakuja kukuchukua unakuwa umemwambia mambo mawili bila kujua: kwamba unategemea atashindwa, na kwamba dawa pekee ya kukumbuka nyumbani ni kurudi nyumbani. Basi akifika kule, kadonge ka kwanza ka huzuni tu kooni, badala ya kutafuta rafiki anatafuta simu. Na usipoenda sasa umekuwa muongo. Ukienda amepoteza kambi.

Christopher Thurber ni mwanasaikolojia aliyelichunguza jambo hili kambini kwa miaka mingi, na mwaka 2007 yeye na daktari Edward Walton waliandika mwongozo wake kwenye Pediatrics, jarida la madaktari wa watoto. Ahadi hiyo ya kumfuata ni kati ya vitu wanavyowakataza wazazi kabisa. Wanasema pia kitu kitakachokupa pumzi: karibu watoto wote wanaolala mbali na kwao wanakumbuka nyumbani kiasi fulani, ni kawaida, wengi ni kidogo tu na wanaendelea kucheza nayo ndani. Anayezidiwa ni mmoja mmoja.

Kwa hiyo leo jioni rudi kwake umwambie, mwanangu nilisema vile kwa sababu na mimi nitakukumbuka, ila nimefikiria, utanikumbuka na itapita, na mtoto anayekumbuka kwao ni kwa sababu kwao ni kuzuri. Afu mpange atafanya nini ikimjia: aandike barua, amwambie kiongozi, aende alipo rafiki, aangalie kalenda ahesabu siku zilizoisha sio zilizobaki. Kabla ya kwenda alale siku mbili tatu kwa bibi au kwa shangazi bila simu, halafu mkae mzungumze ilikuwaje. Mshirikishe kwenye kila uamuzi, begi afunge mwenyewe, maana mtoto anayehisi ametupwa kambini ndiye analia zaidi.

Barua mwandikie, watoto wanazisoma mpaka zinachanika. Ila usimwandikie kwamba nyumba imepooza, paka hali, mdogo wako analia kila siku anakuulizia. Nimeshawahi kukaa na mtoto saa nzima akilia kwa ajili ya paka. Mwandikie kwamba wote wazima na unasubiri stori zake.

Siku mbili tatu za kwanza ndo ngumu, hasa usiku na ule muda wa kupumzika mchana. Kama siku zinaenda na bado hali, halali, hachezi kabisa, kambi nzuri itakupigia yenyewe na hapo kumfuata sio kushindwa. Kabla hajaondoka muulize mkuu wa kambi huwa wanafanyaje mtoto akikumbuka kwao. Akikuambia "kwetu huwa hawakumbuki" tafuta kambi nyingine.

SWALI: Anko, kijana wangu ana miaka 8 na bado anakojoa kitandani mara mojamoja. Anataka sana kwenda kambi na wenzake ila anaogopa kuchekwa. Nimzuie? – Baba Mmoja

JIBU: Usimzuie kaka. Kwenye umri wa miaka 7 ni kama mtoto mmoja kati ya 10 hadi 20, maana yake bwenini kwake hayuko peke yake ila kila mmoja anadhani yuko peke yake. Mwambie nesi wa kambi na kiongozi wake kabla, na mtoto ajue kwamba wanajua. Mwekee nguo za kubadilisha ndani ya begi la kulalia chini kabisa, na mfuko wa plastiki wa kutia zilizolowa. Kiongozi anayejua kazi atamuamsha aende chooni kabla yeye mwenyewe hajalala, na asubuhi atabadilisha shuka wakati wengine wako kwenye chakula, bila neno. Kuna dawa pia inaitwa desmopresini ambayo madaktari huwaandikia watoto kwa siku za safari kama hizi, kamuone daktari wiki kadhaa kabla muijaribu nyumbani kwanza, na ukipewa zingatia sana masharti ya kutokunywa maji mengi jioni, hayo sio mapambo.

SWALI: Mambo Anko, mi ndo mratibu wa kambi yetu. Mwaka jana tuligawa watoto timu mbili, nyekundu na bluu, mashindano wiki nzima, pointi ubaoni. Mwanzoni moto kwelikweli, ila kufika siku ya nne watoto wanaitana majina mabaya, mtu kamwaga maji kwenye kitanda cha mwenzake, siku ya mwisho tukafanya sherehe ya pamoja ndo wakagombana zaidi. Mashindano tuyafute? – Mratibu Mchovu

JIBU: Poa sana mratibu. Ulichopata wewe bure kuna mtu alikitengeneza makusudi. Kiangazi cha 1954 mwanasaikolojia Muzafer Sherif na wenzake waliwapeleka wavulana 22 wa miaka 11 hivi kwenye hifadhi ya Robbers Cave kule Oklahoma, wavulana wenyewe wakijua ni kambi ya kawaida. Makundi mawili, wiki ya kwanza hawajuani hata kama wenzao wapo, wakajiita Rattlers na Eagles. Walipokutanishwa kwenye mashindano ya kuvuta kamba na besiboli wenye zawadi ni washindi tu, ndani ya siku chache bendera zimechomwa moto na mabweni yamevamiwa usiku.

Sasa sikia hii inayokuhusu. Walipojaribu kuwapatanisha kwa kuwakutanisha tu, kula pamoja, kuangalia filamu pamoja, ikawa mbaya zaidi, chakula kikarushwa. Sherehe yako hiyo! Kilichosaidia ni shida zinazowabana wote: maji ya kambi yamekatika na tangi lazima likaguliwe na kila mtu, lori la chakula limegoma kuwaka ikabidi walivute wote kwa kamba, ileile waliyokuwa wanavutana nayo. Sio mara moja, mara kadhaa. Mwisho wa kambi wengi walitaka kurudi kwenye basi moja.

Nisikudanganye, jaribio lile leo hakuna kamati ingeliruhusu, watu wazima walichochea ugomvi wenyewe, na mwaka mmoja kabla Sherif alijaribu hivyohivyo mahali pengine watoto wakagoma kugombana, wakawashtukia watu wazima. Hicho kipande mi ndo nakipenda kuliko vyote. Ugomvi haujazaliwa kwenye damu za watoto, mpangilio ndo unaulea, na mpangilio wako ulikuwa wiki nzima, timu zilezile, ubao mmoja unaoonyesha nani mshindwa kila asubuhi wakati wa chakula.

Mashindano usifute, watoto wanayapenda. Changanya timu kila siku, mwekundu wa leo kesho awe njano. Ubao wa jumla toa. Na kila siku iwe na kitu kimoja ambacho kambi nzima isiposhirikiana hakifanyiki, kuni za moto wa mwisho, daraja la kamba, igizo lenye mavazi ya bweni hili na ngoma za bweni lile. Ila shida ya uongo usiwatengenezee, watakushtukia.

SWALI: Anko sisi viongozi wa kawaida, siku za kuogelea kuna waokoaji wenye mafunzo na filimbi zao. Sisi si tunaweza kupumzika kidogo? Ndo muda pekee wa kushika simu. – Nimechoka Tu

JIBU: Hapana. Na simu iache bwenini kabisa.

Watu wanadhani anayezama anapiga kelele na kupunga mikono kama kwenye filamu. Hana pumzi ya kupiga kelele, mikono inasukuma maji pembeni, mdomo unazama unatoka unazama, anakaa wima kama anapanda ngazi, na inachukua kama sekunde 20 hadi 60 tu kabla hajaenda chini. Frank Pia, mwokoaji wa Marekani, alizirekodi hizo ajali kwenye filamu ndo watu wakaelewa ukimya ule. Mwokoaji anaangalia maji yote, wewe unawajua wa kwako, unajua yupi alisema anajua kuogelea kwa sababu wenzake walikuwa wanasikiliza. Kila mtoto awe na mwenzake wa jozi, kila dakika 10 filimbi, jozi zinashikana mikono juu, mnahesabu, idadi isipofanana na ya ubaoni wote wanatoka majini kwanza maswali baadaye.

Mwaka wangu wa pili tulitoka bwawani nikahesabu 9, nilikuwa na 10. Sitaki kukuelezea zile dakika nane. Tulipiga kengele, wakubwa wakaingia majini wameshikana mikono kwa mstari wanapapasa chini, mi miguu haina nguvu. Dogo alikuwa bwenini chini ya kitanda amelala fofofo, alisikia baridi akarudi bila kuaga. Nilimkumbatia afu nikaenda nyuma ya jengo nikatapika. Tangu hapo nahesabu kwa majina, na namhesabu anayetoka kama ninavyomhesabu anayeingia.

Mapumziko unastahili, mwombe mratibu wako saa moja kwa siku iliyoandikwa kwenye ratiba, mtu mwingine akishika watoto wako. Ukipewa, lala.